Je, Mrepublikan wa wastani ni Mdemokrat aliyejificha? Jibu kwa msomaji wa San Antonio

SWALI: Mimi ni muuguzi, nimetokea Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa San Antonio, Texas. Mwaka jana nilikula kiapo cha uraia. Machi nitapiga kura ya mchujo, ile ya kuchagua mgombea wa chama, kwa mara ya kwanza, na kazini watu wananivuta huku na huku. Mwenzangu mmoja ananiambia nisimpigie Mrepublikan yeyote anayeitwa "wa wastani", kwamba hao ni Wademokrat waliovaa kanzu ya kuazima. Mfano anaoutoa kila siku ni Joe Straus, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Texas, ambaye chama chake mwenyewe kilimkaripia. Nashangaa: kama alikisaliti chama, mbona hawakumvua kiti? Na kama hakukisaliti, walimkaripia kwa lipi? Mimi ni mtu wa dini, shule za watoto ndizo zinazoniuma kuliko yote, na sipendi kudanganywa. Nitamjuaje mwakilishi wangu ni mtu wa namna gani? Halafu mume wangu bado ana kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, hajawa raia. Juzi alipokwenda kufuatilia leseni ya udereva aliulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Ajiandikishe?

JIBU: Dada yangu, nianze na mumeo, kwa sababu hilo halingoji. Asijiandikishe. Mwenye kadi ya kijani haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa Texas wala wa taifa, na akitia sahihi fomu inayosema yeye ni raia anakuwa amedai uraia asio nao. Kosa hilo linaweza kumfungia njia ya uraia na hata kumfanya aondolewe nchini, na kujitetea kwamba "karani aliuliza, nikaitikia" mara nyingi hakumwokoi mtu. Kama pale dirishani alijibu ndiyo, au hakumbuki alijibu nini, asijaze karatasi nyingine yoyote, asipige kura hata akiletewa kadi ya mpigakura nyumbani, na aende ana kwa ana kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Nasema wakili, si yule jamaa anayejazia watu fomu mtaani kwa malipo. Wewe uliyekwisha kuapa huna tatizo, mradi uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi.

Sasa Straus. Naona kinachokutatiza ni zaidi ya mtu mmoja aliyekwisha kustaafu. Umeambiwa chama ni kama ukoo: uko ndani au uko nje, na aliye katikati ni mnafiki. Kwa sisi tuliokulia Tanzania picha hiyo inaingia akilini haraka, maana kwetu mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza kiti chake. Texas haiko hivyo, na ukilielewa hilo moja, mengine yote yatafuata.

Chama cha Republican cha Texas hakimpi mtu kiti, kwa hiyo hakiwezi kumnyang'anya. Hata jina lake kwenye karatasi ya kura halitoki kwenye kikao cha kamati kuu. Mtu analipa ada au anakusanya sahihi, anajitangaza kuwa Mrepublikan, na wapigakura wa mchujo ndio wanaokubali au kukataa. Nao wapigakura hao hawana kadi ya chama. Texas haiandikishi watu kwa vyama: mwezi Machi unafika kituoni, unasema unataka karatasi ya chama kipi, unapewa. Kwa hiyo kamati ya chama ilipokaa tarehe 27 Januari 2018 na kumkaripia Straus kwa kura 44 dhidi ya 19, alibaki Spika, alibaki mjumbe, alibaki Mrepublikan. Karipio lile lilikuwa tamko la hasira lisilo na nguvu ya kumgusa kitini. Tena alikuwa amekwisha kutangaza, Oktoba 2017, kwamba hatagombea tena.

Alikuwa nani basi? Ni mtoto wa mji unaoishi, amezaliwa San Antonio mwaka 1959. Mama yake alikuwa mwanaharakati wa Republican tangu zama ambazo Wademokrat ndio walioshika Texas, na Mrepublikan ilibidi atafutwe kwa tochi. Yeye mwenyewe alifanya kazi Washington katika serikali za Reagan na Bush mkubwa, na mwaka 1986 alisimamia kampeni ya kwanza ya Lamar Smith ya kuingia Bunge la Marekani. Akaingia Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 2005 kupitia uchaguzi mdogo, wilaya ya 121, ile ya Alamo Heights na kaskazini mwa mji. Mtu wa namna hii kumwita Mdemokrat aliyeazima kanzu ni kumvua nguo alizozaliwa nazo.

Doa lake, kwa wanaomchukia, liliota Januari 2009. Baraza lina wajumbe 150, na mwaka ule Warepublikan walikuwa 76, Wademokrat 74. Spika aliyekuwepo, Tom Craddick wa Midland, alikuwa amewachosha hata wa upande wake kwa mkono wa chuma. Warepublikan 11 wakakutana usiku nyumbani kwa mwenzao mjini Austin, wakakubaliana wamsimamishe Straus, mtu wa muhula wa pili tu ambaye wengi hawakumjua. Idadi kubwa ya Wademokrat wakaahidi kumuunga mkono. Craddick akaona hesabu haimtoshi, akajiondoa. Kuanzia siku hiyo kuna watu waliosema Straus alichaguliwa na wapinzani. Lakini mwaka 2011, Warepublikan walipokuwa wengi kupita kiasi mle ndani, alichaguliwa tena kwa kura 132 dhidi ya 15. Mwaka 2015 alipata 127 dhidi ya 19, na mwaka 2017 hakuna hata mmoja aliyempinga. Huko nyumbani pia walijaribu kumng'oa kwenye mchujo wa 2012, 2014 na 2016. Alishinda yote.

Kuna jambo jingine ambalo nisingependa mtu wa dini kama wewe alikose. Straus ni Myahudi, na alikuwa Spika wa kwanza Myahudi tangu Texas iwe jimbo la Marekani. Mwaka 2010, kiti kilipokuwa kikigombewa, baadhi ya wanaharakati walizungusha barua pepe wakitaka Spika awe Mkristo wa kweli. Sisemi kila aliyempinga alikuwa na hilo moyoni, na mwenzako huyo pengine hajawahi hata kulisikia. Lakini lilisemwa, na linaniuma kila nikilikumbuka.

Hapa niingie kwenye kazi yenyewe, maana neno "Spika" linatudanganya. Tumezoea Spika wa Dodoma au Nairobi: joho, nyundo, "waliosema ndiyo wameshinda". Spika wa Texas ni mjumbe mwenye wilaya yake ya uchaguzi, na ana mamlaka mawili yanayomfanya awe mmoja wa watu watatu wenye nguvu zaidi jimboni: anawateua wenyeviti wa kamati, na anaamua kila muswada upelekwe kamati ipi. Wenzake katika hao watatu ni gavana, na luteni gavana anayeendesha Seneti, lile baraza la pili la bunge la Texas. Luteni gavana anachaguliwa na Texas nzima, Spika anachaguliwa na wajumbe wenzake. Usiisahau tofauti hiyo. Mmoja anawaogopa wapigakura wa mchujo wa jimbo zima, mwingine lazima awatazame usoni watu 150 kila asubuhi.

Ongeza na saa. Bunge hili hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Mjumbe analipwa dola 7,200 kwa mwaka pamoja na posho ya siku za kikao, kwa hiyo karibu wote wana kazi nyingine, wakulima, mawakili, mawakala wa bima. Miswada huletwa kwa maelfu. Mingi haifi kwa kupigiwa kura ya hapana. Inafia kwenye foleni: kamati haikuisikiliza, au kamati ya ratiba haikuipangia siku, mwezi Mei ukaisha. Siku nilipokaa kwenye roshani ya wageni pale Austin, ndani ya lile jengo la mawe mekundu lililokamilika mwaka 1888, nilichokitazama zaidi ni mikono. Kura inapofunguliwa, majina yanawaka ubaoni kwa taa za kijani na nyekundu, na katikati ya ukumbi anasimama mjumbe ameinua kidole kimoja, maana yake ndiyo, au viwili, maana yake hapana, ili wenzake waliokuwa wakipiga soga pembeni wajue wabonyeze kipi. Muswada uliofika pale, mara nyingi mambo yamekwisha. Ugomvi mkubwa ulipiganwa wiki kadhaa nyuma, mahali pasipo na roshani.

Ukijua hivyo, utaona "wastani" wa Straus ulikaa wapi. Haukukaa kwenye misimamo yake mingi. Chini ya uspika wake ilipita sheria ya 2011 ya kudai kitambulisho kituoni, na mwaka huohuo sheria ya kumtaka mama anayetaka kutoa mimba afanyiwe kwanza kipimo cha picha ya tumbo. Mwaka 2013 yakapita masharti makali kwa kliniki za utoaji mimba, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliyafuta mwaka 2016. Mwaka 2015 ikapita ruhusa ya kubeba bastola waziwazi, na ya kubeba silaha iliyofichwa kwenye vyuo vikuu vya umma, pamoja na punguzo la robo ya kodi ya biashara. Mwaka 2017 ikapita sheria ya kuyalazimisha majiji kushirikiana na maofisa wa uhamiaji, sheria iliyowatisha wengi katika jumuiya zetu. Kama huyu ni Mdemokrat, basi Wademokrat wa Texas hawakufaidi kitu.

Na shule, ambazo ndizo zinazokuuma? Hapo usimpambe. Mwaka 2011 bajeti ilikuwa na shimo kubwa, na bunge alilokuwa akiliongoza lilizipunguzia shule za umma dola bilioni 5.4 kwa miaka miwili. Walimu walipoteza kazi. Baadaye ndipo alipolifanya suala la fedha za shule kuwa lake. Mwaka 2017, katika kikao maalumu cha kiangazi, Baraza lake lilipitisha nyongeza ya dola bilioni 1.8, Seneti ikaipunguza hadi karibu milioni 350. Miezi michache kabla, Baraza lilikuwa limepiga kura 103 dhidi ya 44 kukataa fedha za umma zisilipe karo za shule binafsi. Waliopiga hiyo kura ya kukataa hawakuwa Wademokrat peke yao. Walikuwemo Warepublikan wa vijijini, ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa na ndiyo uwanja wa mpira wa Ijumaa usiku, na shule binafsi iko mwendo wa saa nzima. Marekebisho makubwa ya fedha za shule, ya dola bilioni 11.6, yalipita mwaka 2019 akiwa amekwisha kuondoka.

Jambo lake ninalolipenda mimi binafsi halizungumzwi na mtu: maji. Baada ya ukame mkali wa 2011, Texas ilikuwa na mipango ya maji iliyojaa vumbi makabatini bila fedha. Straus alisukuma dola bilioni 2 zitolewe kwenye akiba ya dharura ya jimbo zianzishe mfuko wa kukopesha miji kwa miradi ya maji, na Novemba 2013 wapigakura waliupitisha kwa zaidi ya asilimia 70. Aliyechota maji ya kisima Handeni atanielewa kwa nini nalitaja.

Kilichomletea karipio kilikuwa kingine. Mwaka 2017 luteni gavana Dan Patrick alisukuma muswada wa vyoo, wa kuwataka watu watumie vyoo vya majengo ya umma kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Seneti ikaupitisha kwa kura 21 dhidi ya 10. Straus akakataa kuupa njia, kikao cha kawaida na kile maalumu, na Agosti Baraza likafunga vikao siku moja kabla ya muda. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili. Ya kwanza uchumi: North Carolina ilikuwa imepitisha sheria kama hiyo mwaka 2016 ikapoteza mechi ya nyota wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu, na San Antonio ilikuwa inajiandaa kupokea fainali za mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2018. Ya pili ilikuwa hofu yake kwa vijana ambao muswada ule uliwalenga, kwamba wapo watakaojidhuru. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Sheria ya aina hiyo hatimaye ilipita Texas mwaka 2025.

Malalamiko ya mwenzako yana kiini cha haki, nami nisingekutendea vema nikikificha. Mwaka 2017 Warepublikan walikuwa 95 kati ya 150. Muswada uliotangazwa na luteni gavana, ukapita Seneti, na ukaungwa mkono na wapigakura wengi wa mchujo, haukupata hata kikao cha kamati upande wa pili. Mtu akisema, "nilipiga kura, kwa nini mtu mmoja afunge mlango?", hajakosea kuuliza. Jibu la upande wa Straus ni kwamba wajumbe wengi wa chama chake walifarijika kimyakimya kutolazimishwa kupiga kura ile, na walimchagua wote wakimjua. Mimi naona majibu yote mawili ni ya kweli kwa pamoja. Spika anayelinda wenzake dhidi ya kura ngumu anamnyima pia mpigakura nafasi ya kuwaona wamesimama wapi. Kwa maji na shule nilimshukuru. Kwa milango iliyofungwa bila kura hata moja kuandikwa, sijawahi kutulia moyoni, hata pale nilipokubaliana naye.

Kwa hiyo ukiniuliza Mrepublikan wa wastani ni nani, sitakuonyesha nukta katikati ya rula. Nitakuambia ni mtu mwenye imani za chama chake, ambaye akitafuta kura 76 za kupitisha jambo haoni haya kuzitafuta pande zote, na anayeweka wenyeviti kutoka upande wa pili kama Straus alivyofanya. Ni namna ya kufanya kazi. Ndiyo maana mwenye misimamo mikali kidini anaweza kuwa hivyo, na mwenye maneno laini asiwe.

Namna hiyo imebanwa sana siku hizi, na kiti cha wilaya ya 121 chenyewe kinasimulia. Baada ya Straus alikuja Steve Allison, Mrepublikan mwenye mwelekeo uleule, aliyepinga fedha za umma kwenda shule binafsi. Machi 2024 gavana Greg Abbott aliwaunga mkono wapinzani wa Warepublikan wa namna hiyo, na Allison akaangushwa kwenye mchujo na Marc LaHood. Mwaka uliofuata mpango wa kulipia shule binafsi, wa dola bilioni moja, ulipita na kutiwa sahihi. Lakini Januari 2025 Spika mpya, Dustin Burrows, alipatikana kwa kura 85 dhidi ya 55, na kati ya hizo 85, 49 zilikuwa za Wademokrat. Hesabu ileile ya 2009. Kisha Baraza hilohilo likaandika kwenye kanuni kwamba mwenyekiti wa kamati lazima atoke chama chenye wengi. Mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukafungwa, wiki zilezile.

Sasa wewe na Machi yako. Wilaya nyingi za Texas zimechorwa kiasi kwamba Novemba haibadilishi kitu, mshindi wa mchujo ndiye mwakilishi. Wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache, kwa hiyo kura yako moja ni nzito kuliko unavyofikiri. Angalia kwanza wilaya yako imeelemea wapi. Ikiwa ni ya Republican moja kwa moja, kuchukua karatasi ya Republican kunakupa sauti ya kuchagua ni Mrepublikan wa aina gani, hata kama Novemba utampigia mwingine, na sheria haikuzuii. Gharama yake ni kwamba huwezi kuchagua upande wa Democrat mwezi huohuo, na ikifika duru ya pili ya Mei utabaki kwenye chama ulichoanza nacho. Ikiwa wilaya inashindaniwa kweli, fuata moyo wako bila kupiga hesabu nyingi.

Kumjua mwakilishi, usisome vipeperushi vya sanduku la barua. Tovuti ya bunge la Texas inaonyesha bure kila muswada alioandika, kamati zake, na kura zake zilizoandikwa. Anza na shule: tafuta kura za fedha za shule, uone alibonyeza taa gani. Kama Kiingereza cha kisheria kinakuchosha, au wapo wazee wa jumuiya yenu, Wakongomani na Warundi mnaosali nao, wanaojua Kiswahili tu, sheria ya taifa inamruhusu mpigakura asiyeweza kusoma karatasi ya kura aingie na msaidizi anayemtaka, asiwe tu mwajiri wake wala wakala wa mwajiri huyo au wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi atakula kiapo pale kituoni. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu usajili wako au kituo chako, nenda ofisi ya uchaguzi ya Bexar County, kaunti iliyo na San Antonio, uulize dirishani.

Na nenda ofisi ya mwakilishi huyo wilayani. Zipo, ziko wazi siku za kazi, na wewe ni mpigakura wake. Usimuulize kama yeye ni wa wastani, maana kila mtu ana jibu la hilo mfukoni. Muulize ni muswada gani wa chama chake aliupinga, kwa nini, na kama kura yake iliandikwa. Kisha nyamaza umsikilize.